Boma Lisilo na Lango: Video za Familia katika Mtandao wa Ploti

Jumamosi jioni, katika ploti ya vyumba kumi na viwili mtaani Makutano mjini Meru, mpangaji akiwasha runinga yake na kubonyeza sehemu ya kutafuta vifaa vilivyo karibu, huenda akashangazwa na orodha inayojitokeza. Simu yake ipo. Flashi aliyoichomeka ipo. Kisha ipo kompyuta ya jirani, mtu ambaye hupeana naye salamu tu kwenye ngazi, na ndani yake folda tatu: "Muvi", "Nyimbo", "Ruracio ya Dada". Haulizwi paswadi. Akibonyeza, sebule ya watu wengine hufunguka mbele yake: wazee wameketi, zawadi zinahesabiwa kwa sauti, mama anafuta machozi kwa upindo wa leso.

Hapo hakuna mdukuzi, wala hakuna kilichoharibika. Kila mtambo umefanya kazi yake kama ulivyoundwa kuifanya. Ndiyo maana fundi akiitwa atasema mtandao uko sawa, atapokea malipo yake na kuondoka, na folda ya ruracio, sherehe ya mahari, itabaki wazi kama ilivyokuwa.

Makala nyingi kuhusu usalama wa video za nyumbani huzungumzia muvi na vipindi vya runinga. Katika diski za familia za Meru na Embu, muvi ndizo mali rahisi kuliko zote: zikipotea leo, kesho zitapatikana. Penye thamani ni kwingine. Kuna harusi za miaka ya tisini zilizorekodiwa kwenye kanda za VHS, zikahamishiwa DVD, kisha flashi. Kuna mazishi ya babu yaliyopigwa picha kwa kamera mbili ili watoto walioko Marekani na Ghuba wayaone. Kuna ruracio, ubatizo na mahafali ya chuo kikuu pale Nchiru. Kuna sauti ya nyanya akisimulia kwa Kimeru au Kiembu, sauti isiyopatikana mahali pengine popote duniani.

Baadhi ya rekodi hizo zina mipaka iliyowekwa kabla umeme haujafika. Katika mila za Wameru, mafunzo na nyimbo za gaaru, nyumba ya vijana waliokwisha kutahiriwa, hazikuwa za kila sikio. Siku hizi mvulana huingia jandoni wakati wa likizo, na wanaomzunguka wana simu mifukoni. Mmoja akirekodi, na simu yake ikawa imepangwa kunakili picha zote kwenye diski ya nyumbani kila inaponasa Wi-Fi, kile ambacho mila ilikificha hutokeza kwenye runinga ya sebuleni mbele ya dada na shangazi. Pengine hakuna aliyekusudia kukivujisha. Lakini mhusika ni mtoto wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, aliyekuwa katika hali ambayo hangependa aonekane nayo, na hakuulizwa.

Ili kuelewa kwa nini runinga ya jirani hufungua folda bila kubisha hodi, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1999 kampuni za teknolojia zilianzisha mfumo uitwao Universal Plug and Play, kwa kifupi UPnP, ili vifaa vya nyumbani vitambuane vyenyewe. Juni 2003, Sony na Intel wakawa mstari wa mbele kuunda DLNA, muungano wa watengenezaji uliokubaliana jinsi runinga, kompyuta na simu zitakavyopeana video, picha na muziki. Muungano huo ulivunjwa mwaka 2017, lakini kazi yake imo ndani ya runinga nyingi zinazouzwa leo katika maduka ya vifaa vya umeme, kuanzia Embu mjini hadi Maua.

Namna mfumo huo unavyofanya kazi inafanana na mtu anayeingia kijijini na kupaza sauti. Runinga inapowaka, hutuma ujumbe kwa anwani moja maalumu, 239.255.255.250, kupitia mlango wa 1900: nani hapa ana video? Kila kifaa chenye folda iliyoruhusiwa huitika na kutaja kilicho nacho. Runinga huorodhesha majibu, mtazamaji huchagua, picha huanza kucheza. Katika mazungumzo yote hayo hakuna anayemuuliza mwenzake, "Wewe ni nani?" Katika matumizi ya kawaida swali hilo halimo kabisa. Si kwamba lilisahauliwa. Wabunifu walidhani halihitajiki, kwa kuwa walikuwa wakifikiria nyumba moja ya familia moja, yenye ruta moja na paswadi inayojulikana na baba, mama na watoto. Hiyo ni mantiki ya boma. Ukishapita langoni, hakuna anayekuhoji kwa nini unaelekea jikoni.

Sasa lango la ploti liko wapi?

Katika miji ya Meru na Embu, na zaidi katika hosteli zilizochipuka karibu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru pale Nchiru na karibu na Chuo Kikuu cha Embu, ruta moja mara nyingi huhudumia watu wasio na undugu wowote. Mwenye ploti hulipia intaneti na kuiweka ndani ya kodi. Kwingine wapangaji wanne huchanga, mmoja akaandikisha laini kwa jina lake, wote wakatumia paswadi moja. Kwingine tena kijana mwenye biashara huuza hotispoti kwa saa, kwa siku au kwa wiki, na mteja hulipa kwa M-Pesa. Paswadi hupewa mgeni, mgeni humpa mpenzi wake, mpenzi huhama mtaa lakini simu yake hukumbuka. Katika ploti za Dallas au Majimbo mjini Embu, mtandao uitwao "wa nyumbani" unaweza kuwa na vifaa arobaini, na hakuna hata mtu mmoja anayeweza kutaja wenyewe wote.

Kwa mfumo wa DLNA, hao wote ni wa boma moja. Kiini cha matatizo mengi ya usalama katika jambo hili ni hicho: kifaa huamini kuwa ukuta wa Wi-Fi ndio ukuta wa familia, na katika maisha halisi ya wapangaji kuta hizo mbili hazijawahi kukutana. Anayejadili paswadi ngumu na programu za kukinga virusi kabla ya kuuliza nani yuko ndani ya ukuta, anaanza kazi katikati.

Swali hilohilo ndilo linaloamua upande wa sheria.

Tuanze na kurekodi vipindi. Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, mwaka ambao NTV, KTN na Citizen zilizimika kwa karibu wiki tatu kuanzia Februari katika mvutano wao na Mamlaka ya Mawasiliano, madukani kulijaa ving'amuzi vya bei nafuu. Vingi vilikuwa na tundu la USB. Ukichomeka flashi, unarekodi taarifa ya saa moja na kuitazama saa nne. Ving'amuzi vya kulipia vilichukua njia nyingine: kilichorekodiwa kwenye DStv Explora hufungwa kwa msimbo na kubaki ndani ya kifaa kilekile, kwa hiyo diski yake ikihamishiwa kwenye kompyuta haitaonyesha chochote cha maana.

Je, kurekodi ni halali? Marekani walibishana suala hili hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 17 Januari 1984, katika kesi ya mashine ya Betamax ya Sony, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba mtu anayerekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye havunji sheria. Kenya haikuhitaji kesi kama hiyo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaruhusu matumizi binafsi yaliyo ya haki, na kifungu cha 28 kinasema waziwazi kwamba kutengeneza nakala moja ya rekodi ya sauti kwa matumizi binafsi ya anayeitengeneza si kuvunja haki. Mwenye hakimiliki hapo anastahili fidia, inayotakiwa kutokana na tozo kwenye vifaa vya kurekodia. Kwa upande mwingine, kifungu cha 35 kinakataza kuvunja kufuli za kiteknolojia zinazolinda kazi. Kurekodi mahubiri ya Jumapili kutoka chaneli ya bure na kuyatazama chumbani kupitia ruta ya nyumbani ni jambo moja. Kumlipa fundi avunje msimbo wa king'amuzi cha kulipia ni jambo jingine kabisa.

Neno linalobeba uzito ni "binafsi", na hapa ukuta wa ploti unarudi. Mwenye ploti akiweka kompyuta yenye muvi mia tatu na kuwatangazia wapangaji kwamba kodi inajumuisha Wi-Fi na muvi, hawezi kusema ni matumizi binafsi. Anafanya kwa Wi-Fi kile ambacho duka la muvi hufanya kwa flashi. Duka lenyewe lina masharti: nakala zinazouzwa zinatakiwa kubandikwa stika ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, na maduka mengi yanayojaza flashi kwa shilingi chache kwa kila muvi hayana stika wala idhini. Akiweka skrini uani na kutoza watazamaji wa mechi, anaingia pia katika Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inayotaka leseni kwa maonyesho ya hadhara. Na anayeuza intaneti yenyewe anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, hata kama wateja wake ni wapangaji sita tu.

Kuna kifungu kimoja ambacho familia nyingi hazikijui, nacho kina faida kubwa kwao. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki kinasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mkataba useme vingine. Kwa lugha ya sebuleni: familia iliyomlipa mpiga video arekodi harusi ndiyo yenye video hiyo. Inaweza kuinakili, kuiweka kwenye diski ya nyumbani na kuwagawia jamaa bila kumwomba mpiga video ruhusa. Lakini waliotia saini fomu bila kuisoma huenda wameikabidhi haki hiyo, na fomu nyingi huandikwa na studio. Halafu kuna muziki. Video ni ya familia, ila wimbo uliowekwa chini ya picha za keki una wenyewe, na ndiyo sababu video hiyohiyo huchezwa nyumbani bila shida lakini hunyamazishwa au kuzuiwa mara inapopandishwa YouTube.

Umiliki wa picha hauondoi haki ya aliyemo ndani yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamwacha nje mtu anayetunza taarifa za wengine kwa shughuli za kibinafsi au za nyumbani tu. Albamu ya familia, iwe ya karatasi au ya kidijitali, haisajiliwi kwa Kamishna wa Data. Mlango huo wa nyumbani, hata hivyo, ni mwembamba. Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule ya Roma iliyoko Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu ya Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja. Hizo zilikuwa taasisi, na adhabu yake haiwezi kunukuliwa kama kipimo cha nyumba ya mtu. Zinaonyesha tu kwamba mtoto anahesabiwa kuwa na haki juu ya sura yake, na kwamba "ilikuwa sherehe, kila mtu alikuwa na kamera" si jibu linalokubalika. Anayeweka video za jando la mpwa wake kwenye mtandao unaofikiwa na vyumba kumi na viwili anapata tabu kudai kwamba hiyo bado ni shughuli ya nyumbani.

Kwa picha za faragha za watu wazima sheria ni kali zaidi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 37, inaweka faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili, kwa anayesambaza picha za siri za mwili wa mtu mwingine.

Sheria hiyohiyo ina jambo linalowahusu hasa wanaoacha folda wazi. Kifungu cha 14 kinaadhibu kuingia kwenye kompyuta bila ruhusa, kwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini kosa limeelezwa kuwa ni kuingia kwa kuvunja hatua za usalama, huku ukijua huna ruhusa. Jirani aliyebonyeza jina lililojitokeza lenyewe kwenye runinga yake amevunja hatua gani? Wakili mwerevu hangehitaji dakika kumi. Paswadi ya tarakimu sita, hata ikiwa dhaifu, hubadili hali hiyo: panapokuwa na kufuli, aliyeingia amevunja kufuli. Hiyo ni sababu ya kisheria ya kuweka paswadi, mbali na ile ya kiufundi, na safu hii inaamini inastahili kutajwa na kila fundi anayefunga ruta.

Hadi hapa adui amekuwa jirani, au tuseme udadisi wa jirani. Wa nje naye yupo.

UPnP haikuishia kutambulisha vifaa. Ilipewa pia uwezo wa kuiamuru ruta ifungue mlango kuelekea intaneti bila kumuuliza mwenye nyumba. Januari 2013 kampuni ya usalama ya Rapid7 ilitoa matokeo ya uchunguzi wake: anwani milioni 81 duniani zilikuwa zikiitika wito wa UPnP uliotoka nje, yaani vifaa vilivyobuniwa vijibu ndani ya boma vilikuwa vikimjibu mpita njia yeyote barabarani. Mwanzoni mwa Januari 2019 maelfu ya vifaa vya Chromecast na runinga vilianza kucheza video ambayo wenye nyumba hawakuichagua, kwa sababu ruta zao zilikuwa zimefungua milango hiyo. Waliofanya hivyo walitaka kumtangaza mwana-YouTube PewDiePie na kuwaonya wenye vifaa. Juni 2021 haikuwa hivyo. Wenye diski za Western Digital aina ya My Book Live, ambazo programu yake haikuwa imesasishwa tangu 2015, waliamka wakakuta zimefutwa kutoka mbali, picha za watoto na harusi pamoja. Januari 2022 kikafuata DeadBolt, kirusi kilichofunga mafaili kwenye diski za mtandao za QNAP na kudai bitikoini 0.03 kwa kila mwathiriwa.

Mfano mzito kuliko yote unahusu muvi moja kwa moja. Mwaka 2022 wezi waliingia katika kampuni ya LastPass, inayotunza paswadi za mamilioni ya watu. Njia waliyopitia ilikuwa kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wake mmoja, na tundu lililowafaa lilikuwa katika Plex, programu ya kugawana video nyumbani. Plex walikuwa wamelirekebisha tundu hilo Mei 2020. Mhandisi hakuwa amesasisha. Mwalimu wa Runyenjes anayetunza mitihani kwenye kompyuta ileile inayowagawia watoto katuni, au karani wa chama cha akiba na mikopo anayefanya hesabu nyumbani, yuko katika hali hiyohiyo kwa kadiri yake.

Wakenya wana kinga ndogo ambayo hawakuiomba. Laini nyingi za simu na baadhi ya huduma za nyumbani huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kwa hiyo ni vigumu kwa mtu wa mbali kuifikia ruta moja mahususi. Kinga hiyo haisaidii chochote ikiwa adui ameshaingia kwa mlango mkuu, na mlango mkuu siku hizi ni kisanduku cha Android cha kuigeuza runinga ya kawaida kuwa ya kisasa. Juni 2025 FBI ilionya kuhusu mtandao wa uhalifu uitwao BADBOX 2.0, uliokuwa umeteka zaidi ya vifaa milioni moja, vingi vikiwa visanduku vya bei nafuu visivyo na idhini ya Google. Baadhi vilitoka kiwandani vikiwa vimeshaambukizwa. Kisanduku kama hicho kikiwekwa sebuleni kinaona folda zote ambazo runinga inaziona. Rekoda za kamera za usalama, ambazo sasa zinafungwa hata kwenye maboma ya wakulima wa chai na miraa, nazo zina historia yake: Oktoba 2016 kirusi cha Mirai kilitumia kamera na rekoda zilizoachwa na paswadi za kiwandani kuangusha huduma za kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti, na tovuti kubwa za Marekani zikakatika.

Kinachofaa kufanywa hakihitaji pesa nyingi, ila kinahitaji mtu aketi na ruta kwa nusu saa. Kwa mwenye ploti, kazi ya kwanza ni kuwatenga wapangaji. Ruta nyingi, hata za bei ya chini, zina mtandao wa wageni au kitufe cha kuzuia vifaa visionane. Kikishawashwa, kila chumba hupata intaneti lakini runinga ya chumba cha tatu haioni kompyuta ya chumba cha saba. Hatua hiyo moja ingemaliza kisa cha folda ya ruracio. Mpangaji asiyeweza kumshawishi mwenye ploti anaweza kununua ruta yake ndogo na kuichomeka nyuma ya ile ya pamoja, akawa na boma lake ndani ya boma.

Ndani ya ruta, kitufe cha WPS, kinachounganisha vifaa bila kuandika paswadi, kizimwe. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba tarakimu zake nane hukisiwa kwa majaribio yasiyozidi 11,000, jambo ambalo kompyuta hulimaliza kwa saa chache. UPnP nayo izimwe upande wa kufungulia milango. Wapo watakaolalamika kuwa mchezo fulani wa kompyuta haufunguki tena, na hilo ni la kuvumilia. Paswadi ya ruta yenyewe, ile ya kuingilia kwenye mipangilio, isiachwe kama ilivyoandikwa chini ya kifaa, kwa maana kila aliyewahi kufagia chumba hicho ameiona.

Kisha lije suala la programu ya kugawana. DLNA haiwezi kufundishwa kumtambua mtu, kwa hiyo isipewe chochote kisichoweza kuonwa na wote. Katuni na mahubiri, sawa. Kwa video za familia kuna seva zenye akaunti, kama Jellyfin, ambayo ni ya bure na ilianzishwa Desemba 2018. Kila mtu huingia kwa jina na paswadi yake. Watoto huona folda zao, wazee zao, na folda ya jando hufunguliwa na wanaostahili tu. Akaunti za kawaida zipewe ruhusa ya kutazama bila ya kufuta. Wengi husahau sharti hilo, na mtoto wa miaka sita mwenye rimoti hufuta harusi kwa kasi kuliko mdukuzi yeyote.

Kuna ushauri mmoja unaosambazwa na mafundi ambao ni lazima ukataliwe. Runinga au ruta ya zamani ikishindwa kufungua folda za kompyuta mpya, fundi huwasha SMB1, lugha ya kale ya kugawana mafaili katika Windows, na mambo huenda. Microsoft iliacha kuiweka kwa kawaida tangu matoleo ya Windows 10 ya mwishoni mwa 2017, na kwa sababu nzuri: Mei mwaka huo, kirusi cha WannaCry kilipita kwenye mlango huohuo na kuenea katika nchi takriban 150. Kifaa kisichoweza kuzungumza lugha nyingine kitumiwe kwa flashi.

Jamaa aliye ughaibuni anayetaka kutazama asifunguliwe mlango kwenye ruta. Atumiwe faili, au aunganishwe kwa njia ya siri kama WireGuard, inayoiweka simu yake ndani ya mtandao wa nyumbani bila kuuonyesha mtandao huo kwa dunia nzima.

Limebaki jambo la nakala. Umeme wa miteremko ya Mlima Kenya hupotea na kurudi kwa kishindo, hasa msimu wa mvua, na diski moja iliyochomekwa kwenye ruta usiku na mchana ina maisha mafupi. Wataalamu hupendekeza nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Kwa ruracio mahali hapo pengine pameshapatikana, kwa kuwa shughuli ina pande mbili. Bibi harusi wa Nkubu akiolewa Runyenjes, diski moja hukaa kwa wazazi wake Meru na nyingine kwa wakwe Embu, kila upande ukiwa na paswadi yake. Kinachosalia ni wazee wa pande zote mbili kukubaliana mapema, siku wanapokubaliana mengine, nani kati ya vijana atashika paswadi hizo, na nani ataulizwa kwanza kabla video haijaonyeshwa kwa mtu asiyekuwa kwenye viti siku ile.